Jiko Lisilo na Moshi: Jinsi Mmea Upikavyo Chakula na Jinsi Ukitumiavyo

Tulipokuwa makadeti, siku moja tuliamriwa tuchimbe mahandaki katika mteremko wa kilima na kuyaficha yasionekane na adui. Tulianza kazi hiyo kabla ya mapambazuko. Tulikata matawi mabichi, tukayachomeka kwa uangalifu mbele ya mahandaki na juu ya kofia zetu za chuma, na jua lilipochomoza hata sisi wenyewe hatukuweza kutofautisha kichaka cha Mungu na kichaka cha kadeti. Tukajipongeza. Mkufunzi wetu hakusema neno. Alivuka bonde, akaketi kivulini ng'ambo ya pili, akasubiri. Ilipotimu saa saba mchana alianza kutuita mmoja mmoja kwa majina, akitaja mahali hasa alipolala kila mtu. Matawi yetu yalikuwa yamenyauka. Katikati ya kijani cha kilima palikuwa na mabaka ya rangi ya kijivu, na chini ya kila baka palikuwa na kadeti.

Adhabu tuliyopewa haina haja ya kusimuliwa hapa. Lakini swali alilotuuliza mkufunzi jioni ile halijatutoka moyoni hata leo. Alisema: "Tawi lililo mtini na tawi mlilolikata yamepigwa na jua lile lile. Kwa nini moja limeshiba na jingine limekufa?" Hakuna aliyejibu.

Tumeona yafaa tulijibu swali hilo katika ukurasa huu, kwa kuwa hakuna miongoni mwetu awezaye kusema kwamba halimhusu. Sahani ya posho na maharagwe katika kambi ya Mbuya, kipande cha muhogo wa kuchemsha anachokula konstebo wa Nsambya kabla hajaingia zamu, matoke ya Jumapili nyumbani kwa koplo: vyote hivyo vilikuwa kwanza hewa na maji, vikaungwa pamoja kwa nuru ndani ya jani bichi. Nguvu inayomwezesha askari kukimbia na mkoba mgongoni ni nuru ya jua iliyonaswa shambani miezi mingi iliyopita. Hata nyama haiponyoki katika kanuni hii, maana ng'ombe naye alikula majani.

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba mmea hula udongo. Imani hiyo ni ya kale, na hata wataalamu wa Ulaya waliishikilia kwa karne nyingi. Tabibu mmoja wa Brussels, Jan Baptista van Helmont, aliamua kuipima kwa mizani. Alichukua ratili 200 za udongo mkavu, akautia chomboni na kupanda humo mche wa mti wenye uzito wa ratili 5. Kwa muda wa miaka mitano hakuupa kitu ila maji. Mwishoni aling'oa mti, akaupima na kukuta umefikia ratili 169 na zaidi. Kisha akaukausha udongo na kuupima tena: ulikuwa umepungua wakia mbili tu, yaani hata robo ya ratili haifiki. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1648, naye alikuwa amekwisha kufa. Yeye alidhani kwamba mti wote ule ulitokana na maji. Alikosea, kwa sababu alisahau kuipima hewa; lakini alikuwa amethibitisha kwamba mwili wa mti hautoki ardhini. Mwaka 1779 daktari wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha kwamba majani yaliyozamishwa majini hutoa mapovu ya hewa safi yanapopigwa na mwanga, na kwamba gizani hukoma. Ni sehemu za kijani tu zifanyazo hivyo.

Basi, mambo huenda hivi. Upande wa chini wa jani una vitundu vingi mno visivyoonekana bila hadubini. Kila kitundu kina midomo miwili iwezayo kufunguka na kufumba. Humo ndimo iingiamo hewa ya ukaa, ile ile tuitoayo puani tunapopumua. Hewa hiyo ni haba sana: katika kila sehemu elfu kumi za hewa ituzungukayo, ni nne na kidogo tu zilizo za ukaa. Maji nayo hupanda kutoka mizizini kwa mirija myembamba. Ndani ya jani mna chembe za rangi ya kijani, ambayo wataalamu wa Kiswahili wameiita umbijani. Umbijani hunasa nuru, na kwa nguvu ya nuru hiyo maji huvunjwa vipande viwili. Kipande kimoja ni oksijeni, ambayo hutoka nje kwa vitundu vile vile, nasi tunaivuta. Kipande cha pili ni haidrojeni, ambayo huunganishwa na ukaa ili kufanya sukari. Kazi hiyo yote ndiyo iitwayo usanisinuru. Udongo hutoa chumvi chache za lazima, kama vile naitrojeni na fosfati, lakini hizo ni kama chumvi katika mchuzi wetu: mchuzi haukoleI bila chumvi, ila hakuna ashibaye chumvi.

Sasa tunaweza kumjibu mkufunzi. Tawi letu lililokatwa lilikuwa na nuru tele, lilikuwa na hewa, lilikuwa na umbijani wa kutosha. Lilichokosa ni maji. Jani linapokosa maji hufanya kama kikosi kilichozingirwa: hufumba vitundu vyake ili akiba iliyomo isitoroke. Lakini likifumba vitundu, hewa ya ukaa nayo haiingii, na upishi husimama. Maji yaliyobaki yakiendelea kukauka, chembe zilizokuwa zimevimba kwa maji hulegea, na jani zima huinama. Kijani nacho hufifia pole pole, kwani umbijani huharibika daima, na jani lililo hai huutengeneza upya kila siku.

Kuna jambo jingine kuhusu rangi hiyo ambalo lawahusu askari hasa. Jani hula nuru nyekundu na ya buluu, huturudishia kijani kidogo, na ndiyo sababu tunaliona kijani. Lakini ipo nuru isiyoonekana kwa macho yetu, iliyo ng'ambo ya nyekundu, ambayo jani lililo hai huirudisha kwa wingi mno. Rangi ya kopo haifanyi hivyo. Katika Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Kodak ya Marekani ilitengeneza filamu ya kupigia picha kutoka ndegeni iliyoweza kuona nuru hiyo. Katika picha hizo msitu ulio hai ulionekana mwekundu kabisa, ilhali vitambaa na mizinga iliyopakwa kijani ilijitokeza kwa rangi tofauti. Mbinu ile ile hutumika leo kwa amani. Tangu Marekani iliporusha satelaiti ya kwanza ya aina ya Landsat mwaka 1972, wataalamu hutazama kutoka angani jinsi mimea irudishavyo nuru hiyo, na wanapoona imepungua katika nchi kavu kama Karamoja, hutoa onyo la njaa kabla ghala hazijawa tupu.

Turudi jikoni. Kampala iko kaskazini ya ikweta kwa umbali usiofika kilomita 40, na kwa hiyo mchana wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, ukizidi au kupungua kwa dakika chache tu. Hatuna majira ya baridi ya kulifunga jiko. Ndiyo maana mgomba wa Uganda huzaa mwezi wowote, mradi mvua ipo. Hata hivyo tusidhani kwamba jani ni mpishi asiyepoteza kitu. Katika kila sehemu mia za nuru inayolipiga shamba kwa mwaka, mazao mengi hayahifadhi hata mbili.

Sukari iliyopikwa haikai katika jani. Huyeyushwa na kusafirishwa kwa mirija ya pekee hadi inakohitajika: kwenye ncha inayokua, mizizini, katika tunda. Kinachozidi hugeuzwa wanga na kuwekwa akiba. Muhogo huiweka mizizini, viazi vitamu vivyo hivyo, mahindi katika punje, mgomba katika mkungu. Karanga na simsim huigeuza kuwa mafuta. Sehemu nyingine hufanywa nyuzi za kujengea shina, ambazo sisi hatuwezi kuzisaga tumboni, lakini ng'ombe aweza. Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake na achukue tone la aidini katika sanduku la huduma ya kwanza, kwa ruhusa ya mwenye sanduku, alidondoshe juu ya kipande cha ndizi mbichi ya matoke. Papo hapo patageuka rangi kuwa nyeusi yenye ubuluu, na hiyo ni alama ya wanga. Kisha ajaribu juu ya ndizi iliyoiva sana. Weusi utakuwa hafifu, kwa kuwa wanga umekwisha kurudi kuwa sukari. Na ulimi ulikuwa umekwisha kumwambia hivyo.

Mmea wenyewe nao hula chakula hicho. Jambo hili husahauliwa mara kwa mara. Mchana na usiku, jani, shina na mizizi hupumua kama sisi: huunguza sukari kwa oksijeni ili kupata nguvu, na kutoa hewa ya ukaa. Mchana upishi huzidi ulaji, kwa hiyo oksijeni hutoka nyingi; usiku upishi husimama na ulaji huendelea. Kutokana na hayo imezuka hofu, nasi tumeisikia katika mabweni zaidi ya mara moja, kwamba mtu akilala na mmea chumbani atakufa kwa kukosa hewa. Hewa itolewayo na mmea wa chungu usiku ni kidogo sana. Sajini anayekoroma kitanda cha pili hutoa nyingi kuliko miche mingi ya dirishani, na bado hakuna aliyependekeza alale nje.

Hata punje iliyokwisha kuvunwa ingali hai na hupumua. Mahindi yakiwekwa ghalani yakiwa na unyevu, hupumua kwa kasi, hutoa joto na maji, na ukungu huingia. Ukungu mwingine huleta sumu ya ini. Kipimo kilichowekwa kwa nchi za Afrika Mashariki ni kwamba unyevu usizidi 13.5 kwa mia. Mtunza ghala anayetia mkono ndani ya gunia na kuhisi vuguvugu ajue kwamba posho ya kikosi inaliwa kabla kikosi hakijaketi.

Si mimea yote ipikayo kwa namna moja. Katika majani mengi, kemikali inayopokea hewa ya ukaa ina kasoro: jua likiwa kali hukosea mara kwa mara na kuipokea oksijeni badala yake, na kosa hilo hugharimu sukari. Ni kama askari wa lango aruhusuye watu wasio na kitambulisho. Lakini mahindi, mtama, wimbi na muwa vina kizuizi cha kwanza kabla ya lango. Hapo ukaa hukamatwa na kemikali isiyokosea, kisha husindikizwa hadi chumba cha ndani ambako upishi hufanyika. Hatch na Slack, waliokuwa wakichunguza miwa huko Brisbane, Australia, ndio walioieleza njia hiyo mwaka 1966. Kwa sababu hiyo mimea hiyo hustahimili jua kali na hutumia maji kwa uchache. Hapa Kampala mfano mkubwa ni mafunjo, ambayo nayo ni ya ukoo huo wa wapishi hodari. Katika kinamasi cha Nakivubo, mafunjo na mimea mingine ya majini hutumia sukari yake kujenga mabua na mizizi, na kwa ujenzi huo hunyonya naitrojeni na fosfati kutoka katika maji machafu ya mji kabla hayajafika ghuba ya Murchison, ambako Ggaba huvuta maji tunayokunywa. Kila sehemu ya kinamasi inayokatwa huongeza gharama ya kuyasafisha maji hayo.

Tumeahidi kusema juu ya chakula, basi tuseme juu ya mgomba. Mgomba ukishatoa mkungu hautoi jani jingine tena. Majani ulio nayo siku ile ndiyo yatakayolisha ndizi zote mpaka zikomae, na wakulima hushauriwa yasipungue manane yaliyo mazima. Sote twajua jinsi mama wa nyumba za Kampala anavyoivisha matoke: huyafunga katika majani ya mgomba na kuyapika kwa mvuke. Ni mapishi matamu, wala hatuna nia ya kuyasema vibaya. Lakini majani hukatwa wapi? Kabla ya arusi au matanga, vijana huingia shambani na kukata lile lililo karibu na mkono, mara nyingi katika mgomba uliobeba. Mkungu ule utakuja kuwa na vidole vyembamba, na mwenye shamba atalaumu udongo. Heri yakatwe katika mgomba uliokwisha kuvunwa, au jani moja moja katika migomba mingi.

Maradhi ni mkataji asiyesikia ushauri. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 ugonjwa wa sigatoka nyeusi umekuwa ukikausha majani ya migomba ya Uganda, kwanza kwa michirizi myembamba, kisha kwa madoa meusi yanayoungana mpaka jani zima linakufa. Mti hauanguki, ndizi hazioozi. Ni jiko tu lililozimwa, na mkungu hudumaa. Watafiti wa Kawanda, nje kidogo ya Kampala, walihangaika miaka mingi kuchanganya mbegu, na mwaka 2010 wakatoa mgomba wa matoke uitwao Kiwangaazi, unaovumilia ugonjwa huo.

Lakini somo kubwa kuliko yote Uganda ililipata kwa muhogo. Wengi wa rika letu tunatoka katika nyumba zilizoishi kwa muhogo mwaka ambapo mahindi yaliungua. Ni chakula kisichohitaji ghala; hukaa ardhini mpaka kitakapotakiwa. Yapata mwaka 1988, katika sehemu za kaskazini za Luwero, wakulima waliona mihogo yao ikiota majani madogo, yaliyopindika, yenye mabaka ya manjano na kijani. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Huitwa batobato, na Mjerumani Warburg aliuandika tangu mwaka 1894 kutoka Usambara. Lakini huu ulikuwa mkali kupita ule wa zamani. Uliletwa na inzi weupe wadogo wakaao chini ya majani, na pia na watu waliogawiana vijiti vya kupanda bila kujua. Ukasonga mbele yapata kilomita 20 hadi 30 kila mwaka, kama jeshi lisilo na haraka. Katikati ya miaka ya 1990 wilaya nyingi za mashariki na kaskazini zilikuwa zimeacha kupanda muhogo, na njaa iliingia majumbani. Mwaka 1997 wataalamu walitangaza kwamba virusi vya Uganda vilikuwa chotara, vilivyotokana na aina mbili zilizokutana ndani ya mmea mmoja.

Yafaa tuelewe jinsi jani lenye mabaka livyowezavyo kuleta njaa, kwa maana virusi havikuila mizizi. Mmea hugawa sukari yake kama mtu agawavyo mshahara. Kwanza hulipa deni la lazima, yaani kupumua. Kisha hutengeneza majani mapya na shina. Kinachobaki ndicho kitumwacho nyumbani, mizizini. Baka la manjano halina umbijani, na jani dogo hunasa nuru kidogo. Mshahara ukipunguzwa nusu, madeni hayapungui. Kinachopungua ni kile kilichokuwa kikitumwa nyumbani. Mkulima aliuona mti umesimama, mrefu hata, akangojea mwaka mzima, akachimba na kukuta mizizi minene kama kidole gumba.

Kituo cha Namulonge, kaskazini ya Kampala, kilileta mbegu za ukoo wa Ibadan huko Nigeria, zikajaribiwa na kutolewa kwa majina ya Nase. Vijiti vyake vilipandwa, vikazidishwa na kugawiwa, na muhogo ukarudi mashambani. Vita haikwisha hapo. Tangu miaka ya 2000 umeingia ugonjwa mwingine, wa michirizi ya kahawia, nao ni wa hila zaidi: majani yaweza kuonekana karibu mazima, ilhali mizizi inaoza ndani kwa madoa makavu. Mwaka 2011 ilitolewa Nase 14, ambayo huvumilia magonjwa yote mawili.

Wengi wa askari na polisi wana vijishamba nyuma ya nyumba zao, na wake zao huchuma humo majani ya kisamvu. Kuchuma ncha chache changa hakudhuru sana. Kuupukutisha mti mzima kila wiki ni kuomba mboga na muhogo katika mti mmoja, na mti utakupa mboga peke yake. Msimu wa kupanda ukifika, usichukue vijiti kwa jirani kwa sababu tu ni jirani. Litazame shina wakati lingali na majani, kisha uchimbe mzizi wake na kuukata. Vijiti vikiota, vikague mara kwa mara katika miezi mitatu ya kwanza, hasa asubuhi jua likiwa bado chini na mabaka yakionekana vizuri, na kile chenye jani la madoadoa uking'oe na kukichoma moto siku ile ile, hata kama kimeota vizuri kuliko vingine.